Rafu ya Asia

Asubuhi ile Revocatus alikoroga gundi kabla ya chai. Alipika unga wa ngano kwenye kisufuria chetu cha zamani, akatia majani ya mwarobaini aliyoyatwanga ili mende wasiguse kazi yake, akapaka mgongo wa kitabu kimoja kinene, akakilaza mezani na kuweka jiwe juu yake. Aliniambia nisikisogeze mpaka arudi kutoka kazini. Kabla ya saa sita nilipigiwa simu kwamba ameanguka kwenye ngazi za maktaba. Nilipofika hospitali walikuwa wameshamfunika.

Mume wangu alikuwa mhudumu wa maktaba hapa Mwanza. Ghorofa ya juu kulikuwa na rafu ndefu ya vitabu vya historia na utamaduni wa Asia, vitabu vya wasomi, vyenye ramani za kukunjua na picha za mahekalu. Viliachwa na mzee mmoja wa Kihindi, mfanyabiashara, alipohamia kwa watoto wake ng'ambo. Waliovisoma walikuwa wachache, wengi wao watu wa chuo kikuu. Paa lilikuwa linavuja, na unyevu wa ziwa ulivila polepole. Kwa hiyo Revocatus alikuwa na ruhusa ya kuvileta nyumbani Mkolani, vichache vichache, avishone upya.

Akishona, alikuwa ananisimulia alichosoma ndani yake. Kulikuwa na wafalme waliochimba mifereji ya kusafirishia mchele. Kulikuwa na wanawake wa India wakipandikiza mpunga matopeni, migongo imeinama kama ya mama zetu kule Busisi.

"Hawa ni watu wa mpunga kama sisi, Justa," aliniambia. "Ila wao wameandikwa."

Kwetu mjane hukaa ndani, kwenye godoro, na wanawake wenzake. Siku ya kuanua matanga, wanaume wa ukoo walikaa uani wakagawana vitu vya marehemu: koti, viatu, baiskeli, redio. Waligawana na vitabu pia. Vilikuwa sebuleni, karibu na redio, na kila mtu alijua Revocatus ni mtu wa vitabu. Nani angefikiri si vyake? Hakuna aliyeniuliza, kwa sababu siku hiyo mjane haulizwi. Nilipotoka nilikuta meza tupu, na jiwe limepelekwa jikoni.

Raya, mkuu wa maktaba, alikuja baadaye kunipa pole. Alizungukazunguka sana kabla ya kuuliza habari za vitabu, na nilipomweleza akainamisha kichwa. Alisema kuna wanaoitaka nafasi ya rafu ile kwa vitabu vya mitihani, na kwa miaka yote yeye na Revocatus ndio walioitetea. Wakaguzi wangekuja mwisho wa mwezi.

"Dada Justa, wakikuta rafu imetimia hawataigusa," alisema. "Wakikuta mapengo, sina la kuwaambia."

Kilichohitajika kuliko vyote ni kile kilichokuwa chini ya jiwe. Kilikuwa juzuu ya kwanza ya historia kubwa ya China, na watu wa chuo kikuu walipanda ngazi zile kwa ajili ya historia hiyo.

Tatizo ni kwamba kitu cha matanga hakidaiwi. Ukikidai, ni kama unamwambia aliyepewa kwamba hakuwa ndugu wa marehemu. Nikafikiri labda naweza kubadilisha. Nilikuwa nimejiwekea vitu vichache vya Revocatus ambavyo sikutaka vigawiwe, nikaanza kuvitoa. Yeremia, mtoto wa ndugu yake, nilimpa shati la kanisani, naye akanipa vitabu viwili huku akitania.

"Chukua tu, mama mdogo. Nilisoma ukurasa mmoja, nikalala mpaka nikachelewa kazini."

Shangazi yake, Modesta, alichukua blanketi akaniachia vitabu alivyopewa. Usiku ule nilijifunika kanga.

Ikabaki juzuu ya kwanza. Alikuwa nayo Shimba, kaka mkubwa wa Revocatus, huko Busisi. Nami nilikuwa nimebakiwa na miwani ya marehemu tu. Enzi za kivuko tungesubiri Kigongo mpaka mtu achoke. Siku hizi gari linapita darajani, na nilishuka ng'ambo kabla sijamaliza kupanga maneno yangu.

Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akanikaribisha ndani. Kitabu kilikuwa kitandani kwake, kimefungwa kwa kitambaa safi. Shimba hajui Kiingereza. Aliniambia kila jioni hukifungua kwenye picha moja tu, ya mtu anayelima jaruba kwa ng'ombe, na kwamba majirani sasa wanamwita Mchina. Alicheka kidogo. Kisha akakisogeza puani.

"Bado kinanuka mwarobaini. Hii ni mikono yake."

Nilimweleza yote, kuhusu rafu, Raya na wakaguzi. Nikaitoa miwani nikaiweka juu ya meza. Aliitazama bila kuigusa.

"Shemeji, mimi namkumbuka kabla hajaanza kuvaa miwani," alisema. "Sikuwepo alipokufa. Nilimkuta kwenye sanduku. Lakini ukisema kirudi, kitarudi. Sitagombana na wewe."

Akakiweka mapajani pangu. Kilikuwa kizito. Nilipitisha kidole mgongoni mwake, nikaona gundi imeshika vizuri na mshono umenyooka. Shimba alikuwa amegeuka kutazama mlangoni. Nikasikia anavyopumua.

Nilikirudisha kitandani, nikakifunga kitambaa chake kama nilivyokikuta. Nikamwambia kikae.

Raya hakunilaumu. Alisema angejaribu, na najua alijaribu. Wakaguzi walikuja, wakahesabu, wakauliza juzuu ya kwanza iko wapi. Akawaambia iko kwa ndugu wa marehemu, nao wakaandika kwamba imepotea.

Sasa rafu ile ina vitabu vya maswali na majibu ya kidato cha nne. Vitabu vya Asia viko kwenye maboksi katika stoo ya chini. Anayetaka kimoja huandika ombi, kisha husubiri mpaka Raya apate nafasi ya kushuka.