Isale Lenye Mizizi

Usiku wa jana niliota nchi ya Zemara imehamia kwenye kihamba changu, kati ya migomba na zizi la ng'ombe. Hawakuniomba ruhusa, nami sikuona haja ya kuuliza. Nilitoka na fimbo kuangalia kama wamekanyaga viazi.

Lazima nieleze. Kabla ya kulala nilikuwa nimesikiliza taarifa ya habari, kama nifanyavyo kila siku tangu nilipojifunza kusoma katika darasa la jioni la chama cha ushirika, nikiwa na miaka thelathini na nne. Zemara ni nchi ndogo. Miaka mitatu iliyopita watu wake walipiga kura kwa mara ya kwanza. Sasa jirani yao mkubwa, Barukani, ameleta jeshi mpakani, na baraza la nchi zote limeitwa kujadili jambo hilo. Mke wangu, Mama Elinisa, aliniambia nizime redio nilale, kwa kuwa Zemara haijui kama mimi nipo. Nilizima. Sikuridhika.

Basi, nje ya mlango nakuta sanduku la kura. Ni la bati, dogo, limevaa soksi moja. Kwenye tundu la kutumbukizia karatasi kuna meno ya utotoni.

"Shikamoo, Meku," linasema, kama watoto wa kwetu Machame wanavyomwita babu.

"Marahaba. Wewe ni mtoto wa nani?"

"Wa watu laki nne. Walinitumbukizia karatasi zao, sasa wamekwenda kuchimba mahandaki."

"Una umri gani?"

"Miaka mitatu. Nimetumika mara moja tu. Wakinivunja leo, hakuna atakayejua kama nilikuwa nafaa."

Linaomba nilipeleke barazani. Nalibeba begani. Ni zito kuliko linavyoonekana, na karatasi zilizomo ndani zinanong'onezana njia nzima.

Nafungua mlango wa zizi. Ndani hakuna ng'ombe. Ni lile darasa letu la jioni, lenye sakafu ya udongo na mabenchi yaleyale, ila sasa limekuwa refu kiasi kwamba siuoni ukuta wa mwisho. Kwenye mabenchi wameketi wajumbe wa nchi hamsini. Ni makoti matupu. Yamefunga tai vizuri, lakini ndani hayana watu. Mwenyekiti wa kikao ni mizani ya kahawa ya chama chetu, imesimama mbele na ndoano yake.

"Umechelewa," Mizani inaniambia. "Keti."

Naketi, sanduku nalipakata.

Koti la kijivu linasimama. "Nchi yangu ina wasiwasi mkubwa kuhusu Zemara," linasema, na kuburuta gunia mpaka mbele.

Mizani inalitundika gunia. "Kilo sitini na mbili. Wasiwasi huu umekaushwa wapi?"

"Juani, Mheshimiwa. Kwenye vichanja."

"Daraja la kwanza. Upokelewe ghalani. Mwingine."

Linasimama koti la bluu na wasiwasi wa magunia manne. Linasimama koti la kahawia na masikitiko, lakini yana unyevu, yanarudishwa yakaanikwe tena. Koti moja la kijani halina gunia. Limeleta mablanketi, na linaulizwa kwa nini limevuruga utaratibu.

"Meku," sanduku linaninong'oneza, "wasiwasi wakishaupokea, wanaupeleka Zemara?"

"Nadhani unakaa ghalani."

"Aha," linasema, kwa heshima.

Ubaoni kuna maandishi ya chaki. Nayafahamu, ni mwandiko wa mwalimu wangu wa jioni, marehemu Ndelilio. Yameandikwa hivi: MKONO HATA MMOJA UKIWA JUU, MPAKA UNASIMAMA. MIKONO YOTE IKISHUKA, MPAKA UNATEMBEA.

Natazama dirishani. Mpaka wa Zemara ni mstari wa masale. Ajuaye vihamba vyetu anaujua mmea huu wa majani marefu, kwa kuwa ndio tunaoupanda kati ya jirani na jirani. Kung'oa isale la mpaka ni kujitafutia laana. Mtu aliyekosa naye huchukua jani la isale, akalifunga fundo, akampelekea aliyemkosea, na aliyeletewa hawezi kukataa. Baba yangu alilipokea kutoka kwa mtu aliyemchomea nyumba. Siku hiyo hiyo walikunywa mbege pamoja.

Lakini masale haya ya dirishani yamevaa viatu vya jeshi. Yanapigapiga mguu mahali pamoja, yanangoja.

"Wanaoiunga mkono Zemara!" inaita Mizani.

Mikono ya makoti yote inainuka. Nami nainua wangu wa kulia. Masale yanaacha kupiga mguu. Sanduku linapumua kwa mara ya kwanza tangu tukutane.

Tunakaa hivyo. Sijui ni muda gani. Koti la bluu linashusha mkono likajibu simu. Koti la kijivu linasema mkono wake una uchaguzi nyumbani, linaushusha. Halafu pananukia chai ya tangawizi kutoka chumba cha pili, na mikono inashuka safu kwa safu, kama migomba kwenye upepo. Koti la kijani ndilo la mwisho. Linaniangalia kwa aibu, linasema, "Narudi sasa hivi, Mzee," na linatoka.

Umebaki mkono wangu. Nimechuma kahawa miaka hamsini kwa mkono huu.

"Meku, usilale," linasema sanduku.

"Nimekwisha kulala, mjukuu wangu. Ndiyo maana niko hapa."

Mlango unafunguliwa. Anaingia jenerali wa Barukani. Nilitegemea mtu wa kutisha. Huyu ni mzee wa rika langu, amevaa gambuti zenye udongo mwekundu, na anavua kofia kabla ya kuingia. Ameshika isale lenye fundo. Anapiga goti mbele yangu.

"Meku, nimekosa," anasema. "Nimewatisha watoto wa watu. Nipokee."

Watu wasio wa kwetu hawataelewa. Isale halipokelewi kwa mkono wa kushoto. Halipokelewi kesho. Na kumwacha mzee mwenzako amepiga goti huku amelinyoosha ni dhambi ambayo ukoo utaikumbuka.

"Meku," linasema sanduku. "Meku, ubao."

Nilishusha mkono wa kulia nikalipokea.

Kutoka chumba cha chai makoti yanapiga makofi. "Amani! Amani!" Vikombe vinagongana. Mizani inaandika kwamba kikao kimefanikiwa, nayo inakwenda chai.

Ndipo naona uzito wa isale si wa jani. Nalitazama kwa chini. Lina mizizi, na mizizi ina udongo mbichi.

"Jenerali," nasema, "anayeomba msamaha huleta jani. Hili lina mizizi."

"Ndiyo, Meku." Anasimama, anapangusa goti. "Nimeling'oa mpakani nikija. Sasa unalo wewe, na umelipokea mwenyewe mbele ya baraza."

Nje masale yanaanza kutembea. Nasikia viatu. Jino la kwanza la sanduku linadondokea kiganjani mwangu.

"Hicho ni kijiji cha Orane," linasema sanduku, na ulimi wake unapita kwenye pengo. "Kilikuwa na vituo viwili vya kura."

Linadondoka la pili. Linaacha kutaja majina.

Nainua mkono wa kulia. Ni mzito kama umejaa maji, lakini unapanda. Isale nimelihamishia wa kushoto. Napiga magoti hivyohivyo, mkono mmoja hewani, nachimba sakafu ya darasa kwa kucha. Udongo ni mwekundu, mgumu. Nachimba shimo la kutosha, nalisimamisha isale mbele ya sanduku, nalishindilia.

Viatu vinanyamaza.

Jenerali anatikisa kichwa. "Wewe ni mkono mmoja, mzee. Huna hata nchi."

"Kama mkono huu si kitu, mbona ulipiga goti ili ushuke?"

Anavuta benchi, anaketi, anaweka kofia pajani. "Nina subira," anasema. "Wewe una bega la miaka sabini na nane."

Amesema kweli, na bega limeanza kuwaka. Nasikiliza kama makoti yanarudi. Yanaongeza sukari.

"Meku," linasema sanduku, "wakikuamsha itakuwaje?"

Mtu ananitikisa.

"Baba Elinisa! Shusha mkono! Umeuinua tangu jogoo la kwanza, blanketi lote limebaki kwako!"

Kumekucha. Mama Elinisa ameketi kitandani na kilemba chake. Mkono wangu wa kulia umenyooka kuelekea darini.

"Fungua redio," nikamwambia.

"Shusha mkono kwanza."

"Fungua redio, mama."

Alifungua huku akilalamika kwamba ameolewa na mlingoti. Msomaji alisema jeshi la Barukani limevuka mpaka wa Zemara alfajiri, limechukua vijiji viwili, kisha limesimama ghafla, na hakuna anayejua sababu. Baraza la nchi zote liko mapumzikoni. Litaendelea saa nne.

Nilitazama saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na mbili na robo.

"Na hili ni nini?" akauliza Mama Elinisa. Alikuwa amenishika mkono wa kushoto. Chini ya kucha kulikuwa na udongo. Udongo wa kihamba chetu ni mweusi, anaujua, ameulima tangu alipoolewa. Huu ulikuwa mwekundu.

Aliutazama. Akatazama redio. Akaenda jikoni, akarudi na bakuli la uji, akanitilia mto chini ya kwapa la ule mkono ulioinuka.

"Kunywa kwa kushoto," alisema. "Ukichoka useme. Mimi ninayo miwili."