Mkeka Chini ya Godoro

Penaia alikuwa na mkono wa birika, na wala hakuona haya. Pakiti za chai alizianika kwenye kamba pamoja na soksi zake, zitumike mara ya pili na ya tatu. Njiti ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Kopo la samaki, ambalo nyumba nyingine pale kijijini, kisiwani Savaii, zililimaliza kwa mlo mmoja, kwake lilikuwa safari ndefu: asubuhi mchuzi, mchana samaki, jioni majimbi yaliyofutiwa ndani ya kopo. Bati la chumbani lilipotoboka, aliweka beseni.

"Hilo si tundu, ni bomba," alimwambia mkewe. "Maji ya kufulia yanakufuata mpaka kitandani, wewe unataka nikanunue bati?"

Masina alicheka. Miaka ile ya mwanzo alikuwa bado anacheka.

Tusimwonee lakini. Mtu haamki asubuhi moja akawa bahili. Ujanani Penaia alifanya kazi ng'ambo, Auckland, kwenye kiwanda cha nyama, na mshahara wake wote ulirudi nyumbani: msiba wa huyu, harusi ya yule, kanisa jipya lililotaka kuwa refu kuliko la kijiji cha jirani. Kisha ikaja baridi moja akapunguzwa kazini. Akalala na koti kwenye chumba kisicho na moto, akila mkate mkavu, na katika wote waliokula jasho lake hakutokea hata mmoja wa kumwuliza kama yu hai. Aliporudi Savaii alirudi na neno moja tu mdomoni: akiba haiozi. Na ukweli usemwe, zipo nyumba kule zilizotoa na kutoa mpaka zikabaki na mwiko. Penaia alikuwa na haki ya kuogopa. Kosa lake ni kwamba aliogopa kila kitu kwa kipimo kimoja, msumari na mtu.

Masina alikuwa msusi. Katika nyumba ya kusukia, wanawake walipokaa na majani yao ya mkadi yaliyochanwa membamba kama uzi, vidole vyake ndivyo vilivyotazamwa. Na mkeka wake mkubwa kuliko yote alikuwa ameusuka na mama yake, Leata, kabla hajaolewa. Leata ndiye aliyeanza pembe ya kwanza. Walihangaika nao miaka, wakautia ukingo wa manyoya mekundu, ukawa laini hata ukiushika unadhani ni kitambaa. Siku walipoumaliza, Leata aliupitisha shavuni, akasema, "Nenda nao kwa mumeo. Lakini nikifa uurudishe. Huu ndio nitakaolalia."

Masina aliahidi. Ilikuwa ahadi nyepesi, maana mama alikuwa na nguvu zake.

Penaia aliuona ule mkeka akautia chini ya godoro, juu ya mbao. Hilo si ajabu, kila mtu huko hulalia mikeka yake mizuri ili inyooke. Lakini wengine, mvua zikiisha, huitoa wakaianika juani, ukoga usiishike. Penaia alikataa.

"Ukiuanika utaonekana," alisema. "Ukionekana utaombwa. Chifu gani akifiwa asiukumbuke?"

Basi siku ya kuanika, kamba za kijiji kizima zilipojaa mikeka, kamba ya Masina ilikuwa na pakiti za chai. Fuatino, jirani yake na msusi mwenzake, hakuliacha hilo lipite.

"Wewe Masina, mikeka yako inaota mwezi?"

"Sina mikeka, shoga yangu. Nina mume."

"Basi mwanike huyo, naona naye ameanza kuota ukoga."

Walicheka wote. Masina alirudi ndani, akakaa juu ya kitanda, na mkono wake ukapapasa ukingo wa godoro. Hapa pana jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Lilikuwa linampendeza. Watu walimhurumia kumbe amelalia mali, naye akaionja siri hiyo kama pipi ndani ya shavu. Mara nyingi Penaia alikuwa shambani kutwa na jua linawaka, angeweza kuutoa, kuupunga upepo nyuma ya jiko na kuurudisha. Hakuutoa.

Huko haendi mtu msibani bila mkeka, na aliyeupokea naye huutoa kwenye msiba mwingine. Wao kwa misiba ya watu walitoa mibovu tu, na sasa ulikuwa umebaki mmoja, mnene, wa majani mapana, uliochomwa pembe na dawa ya mbu. Ile duara nyeusi ilikuwa kubwa kama kiganja. Penaia alisema huo unatosha, marehemu haangalii pembe.

Leata akafa. Habari zilikuja na basi la asubuhi, na Penaia alikuwa mezani na wembe wake, akipasua njiti.

"Nautoa ule mkeka," Masina alisema.

"Upi?"

"Unaujua. Pembe ya kwanza ni vidole vyake mwenyewe."

"Aliyekufa hajui amelalia nini, mke wangu. Sisi tunajua."

"Nilimwahidi."

"Ulimwahidi ukiwa msichana." Hakupandisha sauti, hakuwa mtu wa kupandisha sauti. "Ukiutoa leo, kesho uko kwa mkwe wa kaka yako, keshokutwa uko mjini Apia, huuoni tena. Na wewe siku yako utalalia nini? Sikunyimi, Masina. Nakutunzia."

Kisha akachukua panga akaenda kukata ndizi, akamwacha peke yake na kitanda. Masina alisimama pale muda mrefu. Godoro lilikuwa zito, lakini si zito kiasi hicho. Alijiambia kwamba anamwogopa mumewe. Mwishowe alichukua ule wa kuungua, akaukunja pembe mbaya ikiwa ndani, akawahi basi.

Msibani alishangaa kumkuta mama yake amelazwa juu ya shuka tupu. Mikeka iliyoletwa na watu ilikuwa imerundikwa ukutani, mizuri, na hakuna hata mmoja aliotandikiwa. Alidhani wamepitiwa na huzuni. Ilipofika zamu yake kuingia uwanjani na kuukunjua wake mbele ya wote, aliishika ile pembe ili dole gumba lifunike duara. Dole gumba halikutosha. Ni desturi mkeka ukikunjuliwa waliokaa waitikie kwa sauti moja: Hongera kwa kutunza. Siku ile alikohoa bibi mmoja tu.

Kaka yake, Aperamo, alitoka nje kidogo, akarudi. Akaja akaupokea mkeka kwa mikono yake miwili.

"Asante, dada," alisema.

Huko kaka humheshimu dada yake kuliko hata mkewe. Lakini jioni Aperamo alimfungashia ndoo ya nyama ya chumvi, kama wanavyofungashiwa wageni wa mbali, na hakumsindikiza. Tangu siku hiyo hakukanyaga kwa Masina. Akizaliwa mtoto kule, Masina alisikia kwa watu. Akifa mtu, alisikia kwa watu. Alihesabiwa miongoni mwa waliohama.

Penaia naye alikufa kwa kubana matumizi, kama alivyoishi. Panga lilimkata mguu shambani, mguu ukavimba, akasema majani ya dawa ni bure na hospitali ni nauli. Walipombeba hatimaye, mguu ulikuwa umekwisha kumwua.

Watu walikuja, kwa sababu watu huja. Walileta mikeka myembamba kama karatasi, iliyotoboka, iliyopauka, ile ambayo mtu huitafuta kwa makusudi mwisho kabisa wa rundo. Hakuna aliyetukana. Kila mmoja alirudisha kipimo alichopimiwa. Masina alikaa kichwani pa mumewe akaipokea mmoja mmoja, na moyoni alijisemesha: subirini, leo mtaona.

Mwisho akaingia Aperamo na watu wa kwao. Nywele zake zilikwisha kuwa nyeupe. Akausimamisha mkeka, akaukunjua mwenyewe, na ile duara nyeusi ikawatazama wote.

"Dada," alisema, "huu hatukuutoa kwenye msiba wa mtu. Tumekutunzia."

Uso wa Masina uliwaka moto. Aliinuka, akamshika Fuatino mkono, wakaingia chumbani.

"Nishikie godoro upande ule."

"Kuna nini huko?"

"Utakiona. Wote mtakiona."

Walilinyanyua. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya kisima kilichoachwa. Maji ya lile bati hayakuishia kwenye beseni peke yake. Miaka yote yalikuwa yanafuata nguzo na kuteremka kimyakimya nyuma ya kitanda. Mkeka ulikuwa mweusi, umeshikana na mbao. Masina alivuta ukingo, akabaki na konzi ya kitu kama majani ya chai. Akavuta kwingine, vivyo hivyo. Pembe ya kwanza, ya ukutani, haikuwepo kabisa.

Fuatino alitia kanga mdomoni.

Aperamo alikuwa amesimama mlangoni.

"Ulikuwepo, kaka," Masina alisema. "Uone. Siku zote ulikuwepo."

"Nilijua."

"Ulijua?"

"Mama aliniambia. Alisema asitandikiwe mkeka wa mtu, Masina analeta wake. Tukamlaza kwenye shuka tukikusubiri." Alitazama mbao, si uso wake. "Ulipokunjua ule wa kuungua, nikasema huyu anatutania, mwingine kauacha kwenye basi. Nikatoka nikaenda kuangalia. Nikatazama chini ya viti vyote. Dereva akaniuliza nimepoteza nini."

Masina alifungua konzi, uozo ukamwagika juu ya mbao.

"Tukamzika na shuka lake," Aperamo alisema.

Nje wanaume walikuwa wanauliza marehemu alazwe juu ya nini. Katika mikeka yote iliyoletwa, mmoja tu haukuwa na matundu: ule wa pembe iliyoungua. Fuatino akatoka kwenda kuwaambia wautandike huo.

Aperamo alibaki mlangoni, labda akingoja dada yake alie, apate kumsamehe. Masina alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda. Katika ule uozo manyoya mekundu yalikuwa hayajashikwa na kitu, na yeye alikuwa anayaokota, moja moja, anayafuta kwa upindo wa gauni lake la msiba. Alinyoosha mkono mezani, akachukua kiberiti cha marehemu, akamimina nje njiti zilizopasuliwa, akaanza kuyapanga manyoya ndani yake.

"Dada, unafanya nini?"

"Bado mazima haya," alisema bila kugeuka. "Ya nini kuyatupa?"

Aperamo alimtazama kidogo. Kisha akarudi nje kwa watu wake.