Mkono wa Kwenye Hema la Jasho

Shule yangu mimi iliishia kwenye kusoma futi ya kupimia nguo, kwa hiyo wajukuu msiniulize hili hema linafanyaje kazi. Binti yetu wa mwisho ndiye aliyelituma, kwa ajili ya magoti ya mama yake. Ni kama mfuko mkubwa wa kitambaa wenye zipu. Unakaa ndani kwenye kiti, kichwa kinabaki nje, pembeni kuna matundu mawili ya kutolea mikono. Ukichomeka umeme linakupasha mwili hadi jasho litiririke. Mshono wake, nisiwadanganye, ni wa hovyo. Zipu niliibadilisha mwenyewe.

Bibi yenu alikuwa mwaka wa tatu hatembei bila kushika ukuta. Wiki mbili za hema, akauacha ukuta. Kila siku baada ya chakula cha mchana anaingia nusu saa, mimi nyuma yake kwenye kigoda, nimemshika mkono, nampigia porojo mpaka usingizi unichukue.

Siku moja nikazinduka, mkono bado ninao, nikaendelea na porojo bila kufumbua macho. Namsimulia suruali ya yule mwalimu mnene, ilivyopasuka akijipima dukani kwangu. Mkono unanibana kidogo kidogo, kama mtu anayecheka. Mara sauti ya bibi yenu huko jikoni:

"Fundi, unaongea na nani?"

Nikafumbua macho. Kwenye tundu la kichwa kuna taulo tu, limelala bapa. Zipu imefungwa. Na mkono ninao, wa moto, unatoka jasho. Kiganja cha mke wangu kinaingia chote ndani ya changu. Hiki kilikuwa kikubwa kuliko changu.

Nikauchomoa wangu. Ule nao ukarudi ndani taratibu, kama mtu anayevaa koti. Nikafungua zipu. Kiti kitupu, kimelowa.

Nikaenda jikoni. "Lile hema leo linaenda jalalani."

Bibi yenu akasimama kwa ncha za vidole, akashusha sufuria ya rafu ya juu. Miaka mitatu hajaigusa hiyo rafu.

"Ukilitupa, nitupe na mimi humo humo."

"Kuna mtu mle, mama watoto."

"Najua. Ndiye anayenikanda magoti. Mwanzoni nilidhani ni wewe, nikashangaa umejifunza lini."

"Na hukuniambia."

"Si ungelitupa? Akimaliza kunikanda anatoa mkono nje. Nadhani anataka kushikwa tu. Mimi natoka zangu, wewe unakoroma."

Siku mbili sikuushika. Ya tatu, bibi yenu aliamka anapapasa ukuta, magoti hayajakandwa, hanitazami. Basi nikapiga moyo konde, nikarudi kwenye kigoda.

Ndivyo tunavyoishi sasa. Yeye akitoka, anajifuta, anakwenda matembezi. Mimi nashika mkono, napiga porojo. Lakini jana alipitia kwa dada yake, akakawia. Nilitaka kwenda haja, nikavuta mkono, haukuachia. Umeme nilishazima, bado wa moto. Nikakaa, nikarudia habari ya mwalimu tangu mwanzo, mara mbili.

Kisha nikasikia hatua za bibi yenu mlangoni, nyepesi kama za msichana. Hapo ndipo vidole vilipolegea, kimoja kimoja.

Sikumwambia. Nilimuuliza tu kama huko nje bado kuna jua.