Mrija wa Skolastika

Hellena alipuliza ndani ya mrija kuona kama umezibuka, akauchovya kwenye kikombe cha maji yaliyochemshwa, akauweka upande wa kushoto wa mdomo wa dada yake, nyuma ya jino lililovunjika, mahali pale pale pa siku zote. Skolastika alivuta. Koo lilicheza mara mbili, halafu taya likajibana lenyewe, kwa nguvu. Mrija haukupasuka. Ulikuwa wa utete mgumu, wa aina ile ambayo wanywaji wa pombe ya kimpumu hutumia kilabuni wakizunguka chungu kimoja.

"Tena, dada. Mbili tu."

Skolastika alivuta tena. Mikono yake ilikuwa inakwenda inakotaka tangu siku aliyozaliwa, miaka thelathini na moja iliyopita, na maneno yake yalitoka vipande vipande. Kwa kikombe alipaliwa. Kwa mrija alikunywa vizuri, mradi awepo mtu wa kumshikia. Tangu mama yao afariki, mtu huyo alikuwa Hellena.

Kuhara kulianza jogoo la kwanza. Kulipopambazuka Hellena alikuwa amebadilisha khanga nne, na macho ya Skolastika yameanza kuingia ndani. Nje gari la manispaa lilipita na kipaza sauti: kipindupindu kimefika mjini, kushikana mikono marufuku, vilabu vyote vya pombe vimefungwa, anayemficha mgonjwa atashtakiwa.

Flavian, mume wa Hellena, alikuwa Kabwe, ziwani, alikokwenda kununua dagaa, na barabara ya kutoka huko ilikuwa imefungwa kwa wasafiri. Hellena alimfunga Zenon mgongoni, mtoto wao wa miezi saba, akaenda kuazima toroli la kubebea mahindi dukani kwa Mwinjuma. Alitandika gunia, akamlaza dada yake humo, akauchomeka mrija kwenye kilemba chake mwenyewe ili usivunjike.

Waliposhuka mtaro wa kwanza toroli liliruka. Skolastika akatoa sauti ndefu ya puani.

"Unasemaje? Dereva mbovu?" Hellena alicheka huku anahema. "Shuka basi utembee."

Skolastika alicheka pia. Hicho ndicho Hellena alichokuja kukikumbuka baadaye, kwamba njiani walicheka.

Kambi ya wagonjwa wa kipindupindu ilikuwa kwenye ghala la zamani la ushirika, lililobaki tupu tangu mahindi yaanze kununuliwa na matajiri wenye malori. Lilikuwa limezungushiwa uzio wa miti na turubai. Getini alikaa mgambo mmoja kijana aitwaye Masalu, na ndoo ya dawa ya kunawia.

"Mgonjwa anaingia. Wewe unabaki."

"Kaka yangu, huyu hawezi mwenyewe. Hata kujigeuza hawezi."

"Humo hawaingii wasindikizaji, mama. Na mwenye mtoto mchanga ndiyo kabisa. Unataka kumuua?"

"Basi mpokee na hiki." Hellena alitoa mrija kichwani. "Ndicho anachonywea."

Masalu aliutazama, akatabasamu kidogo. "Huu si wa kimpumu? Mama, jana nimechoma mirija magunia mawili mimi na bwana afya. Ndiyo inayosambaza."

"Huu ni wake peke yake. Nauchemsha kila siku."

"Kila mtu anasema wake peke yake." Akauvunja juu ya goti, akautupa kwenye pipa la moto. Hakufanya kwa ubaya. Alifanya kama mtu anayekata tiketi.

Kutoka kwenye toroli Skolastika alitoa sauti kali, na mkono wake mmoja ukaruka hewani.

"Naye anatukana?" Masalu aliuliza.

"Ndiyo," Hellena alisema. "Amekutukana."

Nesi alitoka, msichana mwembamba, jina lake Nadhira, glovu zimemlegea vidoleni. Hellena alimweleza haraka haraka: kwa kikombe anapaliwa, taya linajibana lenyewe, asidhani anakataa. Akifumba macho mara mbili ujue anataka maji. Kama hakuna mrija, basi kijiko, kidogo kidogo, upande wa kushoto.

"Dada, nina wagonjwa arobaini na mmoja," Nadhira alisema. "Kijiko kwa kijiko nitampa saa ngapi? Zamani tulikuwa na wahudumu wa kulisha wagonjwa. Wote walipunguzwa mwaka juzi."

"Dripu je?"

"Zimebaki sita. Hizo ni za waliozimia. Nyingine tunasubiri kutoka Mbeya."

"Niandike mimi mhudumu. Sitaki mshahara. Nitalisha na wengine."

Nadhira alimtazama, kisha akamtazama Zenon aliyekuwa ananyonya ncha ya khanga. "Tafuta wa kumwachia mtoto. Ukija peke yako nitaongea na bwana afya. Na lete mirija safi, ile ya dukani."

Walimwingiza Skolastika kwa machela. Hellena alirudi mtaani kwao, Majengo, na toroli tupu, mbio.

Mwantum, mke wa Mwinjuma, alikuwa anapima sukari. Siku hizo duka lao lilikuwa na kila kitu: sabuni za Dubai, betri za China, biskuti za Kenya, na juu ya kreti za soda bahasha ya mirija ya plastiki, myekundu na myeupe.

"Chukua tu, mama Zenon, sitaki hela." Alihesabu ishirini, akaifunga kwa uzi mweusi. "Si ataitafuna?"

"Akitafuna mmoja napachika mwingine. Ndiyo maana nataka mingi." Hellena alilegeza mbeleko. "Da Mwantum, naomba nikuachie Zenon. Mpaka kesho tu. Wameniambia nikiwa peke yangu naingia."

Mwantum alirudi nyuma hatua moja. Hakutaka kurudi, lakini miguu ilirudi.

"Mtoto siwezi."

"Nimemnawisha na dawa getini."

"Najua, mdogo wangu. Wallahi ningekuwa peke yangu ningempokea. Humu ndani kuna watoto tisa na mama mkwe. Mmetoka kambini, unadhani Mwinjuma atanielewa?" Machozi yalimlengalenga. "Na hilo toroli, usinirudishie leo."

Hellena alijaribu nyumba tatu nyingine. Ya kwanza walimsikiliza wakiwa dirishani. Ya pili walisema wanakwenda shamba, Kaengesa, na kweli walikuwa wanafunga mizigo. Ya tatu hawakufungua, ingawa alisikia redio.

Saa kumi jioni alikuwa tena getini, Zenon mgongoni.

"Mpe nesi hii. Sasa hivi, kaka Masalu. Mwambie ni ya Skolastika, yule wa machela."

Masalu aliipokea mirija, akaitia mfuko wa shati, akafunga kifungo isilowe, maana manyunyu yalikuwa yameanza. "Nitampa. Nesi akitoka tu."

"Usisubiri atoke."

"Mama, nimesema nitampa."

Hellena alizunguka nyuma ya ghala hadi mahali turubai lilipochanika. Ndani hakuona kitu, ni weupe wa vitanda tu. Lakini aliisikia ile sauti, fupi, ya puani, mara mbili. Kwa mtu mwingine ilikuwa mguno wa mgonjwa. Kwake ilikuwa maji.

"Dada!" alipiga kelele. "Mirija imefika! Inakuja!"

Halafu kutoka ndani ukasikika ulimi ukipigwa kwenye kaakaa: nto!

Hellena alijishika mdomo. Ulimi huo aliujua. Alipoanza masomo ya jioni ya watu wazima, alikuwa akirudi anamwinulia Skolastika daftari mbele ya macho huku anamlisha, anasoma kwa sauti. Wiki za mwanzo dada yake alisikiliza tu. Baadaye, Hellena akiruka neno au akilisoma vibaya, Skolastika alipiga ulimi, nto, mpaka alirudie. Mwalimu wa darasa hakujua kwamba ana mwanafunzi mmoja zaidi asiyemwona. Hellena alipofaulu mtihani walikula kuku.

Nto maana yake ilikuwa: si kweli, rudia.

"Inakuja kweli!" alisema, safari hii kwa sauti ndogo.

Wakati huohuo lori liliingia na wagonjwa kutoka ziwani, kumi na saba, wengine wamelaliana. Mgambo, Masalu akiwamo, waliitwa kushusha. Mmoja aliyebaki nje aliwafukuza watu uzioni, nendeni nyumbani, mvua hii.

Asubuhi Hellena alikuta meza imewekwa getini chini ya mwavuli. Karani wa afya alikuwa na daftari kubwa na rundo la fomu. Nadhira alisimama kando yake, macho mekundu. Alipomwona Hellena alitazama chini, na Hellena akajua kabla hajaambiwa.

"Alfajiri," nesi alisema. "Pole, dada."

Hellena hakulia. Alimpakata Zenon mbele, akamshikilia kichwa.

"Kuzika tunazika sisi," karani alisema. "Lori linaondoka sasa. Ndugu haruhusiwi kuosha. Weka dole gumba hapa."

"Naweza kusoma."

"Haya, soma, uweke saini."

Alisoma jina, umri, mtaa. Mbele ya neno maelezo palikuwa na mwandiko wa haraka: Alikataa kunywa maji ya dawa.

"Hakukataa," Hellena alisema.

"Nilijaribu na kikombe mara tatu," Nadhira alisema. "Alifunga meno, dada. Nilikuwa peke yangu usiku kucha."

"Nilikwambia yanajifunga yenyewe. Mirija je?"

"Mirija gani?"

Masalu alikuwa amesimama karibu na pipa, tope hadi magotini, hajalala. Mkono wake ulipanda taratibu kifuani, ukakuta kifungo. Alitoa ile mirija ishirini, bado imefungwa kwa uzi mweusi wa Mwantum. Akaiweka mezani, akaenda kusimama upande wa pili wa lori.

"Mama, saini," karani alisema. "Kuna foleni."

Hellena alichukua kalamu. Chini ya mstari ule kulikuwa na nafasi ya vidole viwili. Aliandika polepole, kwa herufi za duara za masomo ya jioni:

Hakukataa. Taya lake hujibana lenyewe. Alihitaji mrija na mtu wa kumshikia.

"Umeniharibia fomu!" karani alisema. "Hapo si pa ndugu kuandika."

Nadhira aliweka kiganja juu ya karatasi kabla karani hajaivuta. "Iache," alisema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Hellena aliweka saini. Kisha, kwa mazoea, aliirudia sentensi yake kwa sauti, neno kwa neno. Alipofika mwisho alisubiri nto.

Lori liliwashwa.