Kadi ya Mjomba

Katika mchezo wetu wa kuigiza, mimi ndiye ninayetunga matatizo. Wenzangu wawili, Mwanaheri na Luqmani, wanaigiza vijana wa sekondari ambao kwa siri ni viumbe wa kutisha. Mwanaheri ni zimwi la kidato cha tatu. Luqmani ni nusu jini, na ujini wenyewe anautumia kuibia mitihani. Tunasimulia, tunarusha kete, tunabishana. Kazi yangu ni kuwaletea vitisho, na niseme mapema kwamba sipendi kazi yangu ichekwe.

Jumamosi ile walinicheka. Tulikuwa kibarazani kwa kina Mwanaheri, Kichangani, mvua imetoka kukatika na mlima wote umejifunika mawingu. Nilikuwa nimeandaa tishio la maana: baba wa zimwi amegundua binti yake anaota manyoya, na anataka kumfukuza nyumbani. Nililisimulia kwa sauti nzito niliyoifanyia mazoezi bafuni.

"Baba ndo anafukuza?" Luqmani akauliza. "Kama nani?"

"Kama baba."

Wakaangua kicheko. Mwanaheri alicheka mpaka akajifuta machozi. "We Esther, umetuletea mambo ya kwenu Rombo. Sisi Waluguru ukoo ni wa mama. Baba atagomba, kisha atakwenda kulala. Mwenye neno ni mjomba."

Nilinuna. Miaka sita naishi Morogoro na hakuna aliyewahi kuniambia. Lakini tishio lisilomtisha mtu ni kazi bure, nikaichana kadi niliyoliandikia na kuchukua nyingine. Kadi zangu zina mistari mitatu: tishio ni nani, anataka nini, asipozuiwa itakuwaje. Juu nikaandika MJOMBA. Chini nikaandika kwamba zimwi litarudishwa mlimani kulima na halitatoka tena.

"Haya, anataka nini?" nikauliza.

Luqmani alimtazama Mwanaheri. Mwanaheri alikuwa ameacha kucheka, anachomoa ukindu wa mkeka mmoja mmoja.

"Hiyo sijui," akasema. "Sijawahi kumuuliza."

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikajiona mjinga. Mwanaheri amechaguliwa kusomea hali ya hewa Kigoma, na mwisho wa kuthibitisha ni Jumatatu. Baba yake alisaini fomu wiki mbili zilizopita. Mimi kwa akili zangu za Rombo niliona mambo yamekwisha, hata mwavuli nikamzawadia. Kumbe fomu ilikuwa imelala chini ya godoro. Mama yake hakuwa amesema ndiyo wala hapana, anamngoja kaka yake, Mjomba Pazi wa Kinole, kule mlimani, ambaye angefika jioni ileile. Rafiki yangu alikuwa amekaa siku zote hizo na hofu, mimi namchekea.

"Basi mwambie kwenye mchezo kwanza," nikasema. "Mjomba ni mimi."

Akakaa vizuri. "Shikamoo mjomba," akasema, zimwi zima na manyoya yake, kwa sauti ya kuku mgonjwa. "Nilikuwa nataka... kama itawezekana..." Akarusha kete. Mbili na moja.

"Umeshindwa," nikasema. Sheria ni sheria.

"Hata mimi sikulisikia," ilisema sauti kwenye ngazi. "Zimwi gani linanong'ona?"

Alikuwa Mjomba Pazi, viatu mkononi kwa ajili ya tope, tenga la mananasi begani. Hatukujua amesimama pale tangu saa ngapi. Shikamoo zilitutoka zote kwa pamoja. Akaitikia, akatua tenga, akakaa, akauliza tunacheza nini. Luqmani, ambaye mdomo wake hauna breki, akamweleza kila kitu hadi kwenye kadi.

Mjomba akaiokota, akaishika mbali na macho. "Tishio," akasoma. "Mjomba." Niliona imemuuma, na ikaniuma na mimi, maana mwandiko ulikuwa wangu.

"Mbona huu wa katikati hamkuujaza?"

"Hatukujua, mjomba," Mwanaheri akasema.

"Hamjui ninachotaka, ila mnajua nitakachofanya."

Akaomba kalamu. Aliandika polepole, herufi kubwa kama za ubaoni, akampa mpwa wake. Mwanaheri alisoma, akaiacha kadi mkekani, akaingia ndani. Tulisikia godoro likiinuliwa. Nikachungulia kadi. Katika mstari wa pili kulikuwa na maneno mawili: *Anataka aulizwe.*

Mwanaheri akarudi na fomu, akakaa mkekani mbele yake. Luqmani alimsogezea kete, nikampiga kofi mkononi.

"Mjomba, naomba niende Kigoma nikasome hali ya hewa." Safari hii alisikika hadi kwa jirani.

Mjomba aliisoma fomu yote, pande zote mbili. "Kigoma mbali," akasema. "Na mvua za Kinole siku hizi hazieleweki. Mwaka jana iliki yangu yote ilioza. Nani atanieleza?"

"Ndicho ninachokwenda kusomea, mjomba."

Mjomba akanyoosha tena mkono, nikampa kalamu. Fomu ile ilikuwa na nafasi ya mzazi tu, na baba alishaijaza. Mjomba Pazi akaigeuza pembeni, akasaini kwenye ukingo, akaandika na jina la ukoo.