Nilikuwa Napita Tu

Vumbi la Ndavaya ni jekundu, Dama, na mimi nimelipenda likiwa nyuma yangu. Hapa nimelala, pale nimekula, kesho sipo. Miguu hii haijui namna nyingine.

Nilikuwa napita tu. Siku ya ubatizo wako, yule Kitsao aliyechaguliwa kuwa baba yako wa ubatizo alikwama mnadani na mbuzi wake. Katekista akatazama mabenchi. "Wewe mzee, umebatizwa?" Nikasema ndiyo, kule Taveta. "Basi simama hapa."

Nikasimama. Wewe kitoto cha mgongoni, huna neno. Mimi nikawa neno lako. Unamkataa shetani? Namkataa. Unasadiki? Nasadiki. Nikadhani ni kazi ya asubuhi moja, nile wali, niende zangu.

Nikaenda, Dama. Nikaenda Gazi, nikarudi. Nikaenda Msambweni, nikarudi. Ni kamba gani hii, haionekani, haikatiki, inamvuta mtu kwa mtoto asiyemzaa?

Baba yako mzazi alitangulia zamani. Sasa na mama yako Jumwa yuko kaburini, na mjomba wako Menza amekutafutia mume, rika langu mimi, na shule hujamaliza. Jana ulinishika mkono. "Baba, ulinisemea nilipokuwa siwezi kusema. Leo naweza, lakini hawanisikii. Nisemee tena."

Mfuko wangu ulikuwa mlangoni. Barabara ya Samburu ikaniita, nyooo, mpaka upeo wa macho. Nikinyamaza, niko huru. Nilikuwa napita tu, jamani, napita tu!

Asubuhi wanaume wakakaa uani kwa Menza kupanga ndoa. Nikasimama.

"Hataki," nikasema.

Menza akacheka mpaka akajipiga paja. "Tazameni, upepo nao una maneno! Haya mzee, hataki. Basi kwangu hali wala halali. Akakae kwako. Kwako ni wapi?"

Kwangu ni wapi? Nikageuka huku, jicho. Nikageuka kule, jicho. Na lako, Dama, kubwa kuliko yote. Nikahisi kuta zikinizunguka, na nyumba yenyewe haipo.

"Hapa," nikasema. "Nionyesheni pa kujenga."

Sasa nachimba mashimo ya nguzo. Umemwaga maji ili ardhi ilegee, na vumbi limekuwa tope, limenishika vifundo, zito, halitaki kuachia.

"Chimba, baba," unaniambia. "Shimo hilo halijafika hata goti."

Nachimba. Barabara iko palepale. Na mimi pia.