Yai la Dolor

Kwaresima ilipoingia, Ġiża aliapa kutogusa kitu kitamu isipokuwa kwareżimal. Biskuti hizo za lozi hazina yai wala siagi, na ile asali inayomwagwa juu yake, kwa maoni yake, ni sehemu ya ibada. Alizioka mwenyewe kila Ijumaa, akazila kwa majonzi makubwa.

Leo jirani yake Dolor kamletea sahani iliyojaa za kwake. Ġiża akamega moja, akatafuna, akakunja uso.

"Mbona laini hivi? Yule mwanamke katia yai! Kwaresima yote hii!"

"Una hakika?" akauliza Nazju, mumewe.

"Hebu ngoja." Akala nyingine, na nyingine tena, macho kayafumba kama yuko kanisani. "Yai limo. Linajificha tu."

Sahani ikabaki makombo.

"Haya, mke wangu," akasema Nazju. "Kama yai limo, umevunja mfungo. Kama halimo, umemsingizia jirani. Kwa padri utaungama lipi?"

Ġiża akaramba asali kidoleni, akawaza.

"Mrudishie sahani yake," akasema, "umwambie aijaze tena. Mimi simhukumu mtu kwa ushahidi mdogo namna hii."